Mama Alipoikimbia Redio

Mama yangu alikuwa na kigoda chake chini ya mlingoti wa redio, na ole wako akukute umekikalia. Mlingoti wenyewe ulisimama kwenye pembe ya mstari wetu wa nyumba pale Musonoi, kambi ya wafanyakazi wa mgodi wa shaba, karibu na bomba la maji, na juu yake kampuni ilikuwa imefunga sanduku la bati lenye mdomo mpana. Waya ulitoka kwenye sanduku ukapita juu ya mapaa hadi cercle, ile nyumba ambako wanaume walikwenda kunywa bia na kucheza dama. Katika chumba kimoja cha cercle kulikuwa na maikrofoni, rundo la santuri na mtu mmoja. Sisi wanawake hatukuwa na safari za huko, kwa hiyo hatukuijua sura yake. Tulimwita Sauti, na jina hilo lilitutosha.

Jioni, wanaume wa zamu ya mchana wakishaoga vumbi la shimoni, sanduku lilikohoa kidogo, kisha likasema: “Jambo yenu, ba tata na ba mama. Nyungu iko ku moto? Basi, mukae.”

Watu walikaa. Mama alikuwa amekwisha kukaa kitambo, ungo wa sombe, majani ya muhogo, mapajani, na kila jioni aliliinulia sanduku uso akaliitikia: “Iko ku moto, mutoto wangu! Sema!” Nilikuwa naona haya hadi masikio yananiwasha. Nilimwambia sanduku halisikii. Akanijibu kwamba hata Mungu hajamjibu kwa mdomo, na bado anamsalimia asubuhi na jioni.

Kwanza zilikuja habari kutoka Elisabethville, zikisomwa kwa Kiswahili kikavu, na watu waliendelea na mazungumzo yao. Kisha yalikuja matangazo ya kambi, na hapo watu walinyamaza. Mzungu aliyesimamia cercle aliyaandika kwa Kifaransa: mitaro isafishwe, watoto wapelekwe kupimwa uzito, ni marufuku kufuga mbuzi jikoni. Sauti aliyageuza kuwa Kiswahili chetu na kuyatia chumvi.

“Mwenye iko na mbuzi mu jikoni,” alisema siku moja, “chef de camp atapita kesho asubuhi. Mufundishe mbuzi yenu kusema bonjour.”

Kesho yake chef de camp, mkuu wa kambi, alipita na fimbo yake, na nyumba hadi nyumba watoto walikuwa wakiwahimiza mbuzi waseme bonjour. Chef hakujua watu wanacheka nini. Akacheka na yeye, asije akaonekana mjinga.

Lakini kilichomfunga Mama pale chini ya mlingoti kilikuwa hadithi ya jogoo. Sauti aliitunga mwenyewe, kipande kila jioni. Mtu mmoja aliletwa kutoka kijijini kuja kufanya kazi mgodini, akaja na jogoo wake. Jogoo aliposikia king'ora cha mgodi alidhani ni jogoo mwenzake, mkubwa kuliko yeye, basi akaacha kuwika alfajiri akaanza kuwika kwa zamu. Mke wa yule mtu akakosa usingizi, akaapa kwamba Noeli ikifika jogoo ataingia chunguni. Kila jioni jogoo aliponea chupuchupu, na kila jioni Sauti alikata pale pale palipokuwa patamu na kuwatuma watu kwenye ugali wao: “Bukari isipoe. Tuonane kesho.”

Mama alirudi nyumbani akinung'unika kama mtu aliyenyang'anywa nyama mdomoni. “Bakimupika ule jogoo,” alisema, “mi sitakula Noeli.”

Tata, yaani baba yangu, ambaye aliendesha garimoshi dogo la kubeba mawe ya shaba na alikuwa mtu mpole, alimtania: “Bwana yako ni mi, ao ni ile sanduku?”

“We hauna hadithi,” Mama alimjibu. Tata alikubali kwamba kweli hana.

Wakati huo mimi nilikuwa msichana wa kuolewa, nikijifunza kushona kwenye foyer, shule ya wasichana na akina mama iliyokuwa kambini. Siku moja alikuja mlangoni kijana mwembamba, koti limemzidi mabega, ameshika kitambaa kilichotafunwa na panya. Kilikuwa kitambaa cha mbele ya spika ya kule cercle. Mtawa aliyetufundisha alinipa mimi nikishone. Kijana alisubiri mlangoni, macho chini, bila neno, na mimi nikadhani ni bubu. Nilipomrudishia akasema, “Aksanti sana, mama,” na sindano ikanichoma kidole.

Kambi nzima ilikuwa imemchora Sauti vichwani: mtu mzima, tumbo mbele, shingo nene, labda na kofia. Kumbe yale mangurumo yote yalikuwa yanatoka kwenye kifua chembamba kama ubao wa kufulia!

“Ni weye?” nilimuuliza.

“Ni mi,” akasema, akaondoka karibu na kukimbia.

Nje ya maikrofoni, kijana yule hakuwa na maneno. Nadhani aliyamaliza yote jioni. Lakini mwaka ule panya wa cercle walikula sana, maana haikupita wiki bila kitambaa kurudi na tundu jipya, hata mtawa akasema kule wanahitaji paka, si mshonaji. Mimi sikuhitaji kuambiwa. Nilikuwa nimempenda kwa sikio siku nyingi, na sasa jicho nalo lilikuwa limekubali.

Basi mshenga akaja. Alikuwa mzee seremala, mtu wa kwao na Sauti, kutoka kaskazini ya Katanga, na alileta kuku jike na kikwembe, kitenge kizuri cha kumpa Mama. Kwa desturi waliyokubaliana wazee pale kambini, mama wa msichana akimchinja kuku yule, ameitika; akimrudisha, amekataa. Tata alikubali kabla mzee hajamaliza kunywa munkoyo wake, ile togwa ya mahindi. Mjomba wangu, kaka yake Mama, alikubali. Shangazi yangu aliuliza maswali hadi akachoka, akakubali na yeye. Mama alimpokea kuku, akamfunga mguu nyuma ya jikoni, akasema, “Muniachilie kwanza.”

Tukamwachia. Mwezi ukapita. Mama alisema ni Kwaresima, si wakati wa kuchinja. Pasaka ikapita. Akasema ni msimu wa kuvuna karanga na mikono imejaa. Baridi ya kiangazi ikafika, kila nyumba ikatoa mbabula, jiko lake la makaa, na kuota moto, na yule kuku, aliyekuwa amezoea, akaanza kutaga. Mama akaokota mayai bila haya yoyote. Na kila jioni alikuwa chini ya mlingoti akicheka na yule yule aliyekuwa anamnyima binti!

Nilikasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai, lakini hasira ile ilikuja na woga. Sisi tulikuwa watu wa Kasai, mbali na Katanga. Babu yangu ndiye aliyeletwa kufanya kazi mgodini, na mimi nimezaliwa Musonoi, lakini siku zile maneno ya nani ni wa wapi yalikuwa yameanza kusikika hata kwenye foleni ya bomba. Majirani walinong'ona kwamba Mama hataki mkwe wa kaskazini. Nilimwona Sauti siku ya posho, tulipokuwa tumepanga mstari kupokea unga na samaki wa chumvi, naye aliniangalia mara moja tu akageuza uso. Nilijua wamemwambia na yeye, na iliniuma sana.

Siku ile nilimfuata Mama alipokuwa anatwanga sombe. Nikamshika mchi.

“Mama, ju ya nini hautake? Ju ule muntu hashi wa kwetu?”

“Nani amesema ile?” Mama aliwaka. “Nani? Mulete hapa!”

“Batu bote banasema.”

“Batu bote ni bajinga.” Akaniangalia, akaangalia mlangoni, kisha jambo la ajabu likatokea: mama yangu, mtu aliyewahi kumfukuza mpimaji wa afya kwa ufagio, akaona haya. Akajifunika uso kwa upindo wa kikwembe. “Mi nikimuitika,” akasema humo ndani, “atakuwa mukwe wangu. Na akikuwa mukwe wangu, nitamusikia namna gani?”

Nilisimama na ule mchi mkononi. Kisha nikacheka hadi nikakaa chini. Kisha nikaacha kucheka, maana nilielewa kwamba Mama anasema kweli, na kwamba jambo lenyewe ni zito kuliko kabila.

Kwetu, ukwe ni heshima, na heshima yake ni kukimbiana. Mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Mmoja akimwona mwenzake anakuja njiani, anaingia majanini. Hawali pamoja, mama hasikii kicheko cha mkwe, wala haketi mahali mkwe anapopiga maneno. Mambo hayo hulegea baadaye, mtoto wa kwanza akishazaliwa na mkwe akishaleta mbuzi wa kufungua kinywa, lakini kabla ya hapo hakuna mchezo. Wamama wa kambi walikuwa na wakwe wanaofanya kazi shimoni au kwenye garimoshi, na kumkimbia mtu wa shimoni ni rahisi. Huyu wa kwetu alikuwa juu ya kila mlingoti.

Jumapili, baada ya misa, wazee wa kwetu walikaa kulizungumza. Tata alisema mambo ni mepesi.

“Bukwe ni macho,” alisema. “Sanduku haina macho. Mama asikilize tu.”

“Sauti inatoka mu kinywa,” shangazi akasema. “Kinywa ni ya nani?”

“Lakini muntu mwenyewe haiko pale.”

“Kaka, siku nitakufa, usiku utasikia sauti yangu mu chumba yako inakuita kwa jina. Utasema haiko muntu?”

Mjomba akakata shauri: sauti ni mtu. Mama, aliyekuwa amekaa nyuma ya mlango, alishusha pumzi nikaisikia. Nadhani alikuwa anatumaini kwamba Tata atashinda.

Wakatafuta njia nyingine. Tata alisema waya wa mlingoti wetu ukatwe, lakini mstari mzima ungekosa redio, na majirani wangetukata sisi. Mjomba alisema Mama awe anakwenda shambani jioni, ila kule shambani ulisikika mlingoti wa kambi ya pili. Hapakuwa na mahali Musonoi ambapo mtu angeweza kumkimbia kijana yule, labda ndani ya shimo lenyewe.

Habari zilimfikia Sauti, kwani kambini habari hazihitaji waya. Siku chache baadaye mshenga alirudi, amevaa koti la misa. Alisema kijana amewaza. Ameomba nafasi ya karani magazini, yaani kwenye ghala la kampuni, kuhesabu mabuti na taa. Ataacha maikrofoni, ili mama aketi chini ya mlingoti wake kwa amani na amsikilize mtu mwingine.

Mimi nilikuwa jikoni, na machozi yalinitoka kwa sababu mbili ambazo hazikupatana. Ya kwanza ilikuwa fahari: nani kati ya wasichana wa foyer alikuwa amepewa kitu kikubwa hivyo? Ya pili ilikuwa woga mtupu. Ningeolewa na kile kifua cha ubao wa kufulia, na ile ngurumo ingekuwa imefungiwa magazini pamoja na mabuti.

Mama aliuliza swali moja tu, kutoka nyuma ya mlango. “Na jogoo?”

Mzee seremala alikuna kichwa. “Jogoo naye atamaliza, mama. Ni yeye mwenye kumutunga.”

Mama alitoka nyuma, nikamsikia anamwaga maji ya mchele kwa nguvu isiyohitajika.

Jioni ile alikwenda chini ya mlingoti kama kawaida, na mimi nikamfuata, kwa sababu uso wake sikuupenda. Alikaa kwenye kigoda chake. Wamama wa mstari walikuwa pale, na watoto, na wanaume wachache waliojifanya wanatengeneza baiskeli. Sanduku likakohoa.

“Jambo yenu, ba tata na ba mama. Nyungu iko ku moto? Basi, mukae.”

Mama hakuitikia. Majirani waligeuka kumtazama. Habari za Elisabethville zikapita, matangazo yakapita, na jogoo akaingia. Ilikuwa siku mbaya kwa jogoo. Yule mke alikuwa amekwisha kumfunga miguu, maji yanachemka, kisu kimenolewa, na king'ora cha zamu kilikuwa karibu kulia. Watoto waliacha kutafuna. Hakuna mtu aliyekuwa na shaka kwamba jogoo atawika, na hakuna aliyejua atawika kabla ya kisu au baada.

Hapo hapo, katikati ya neno, Mama aliinuka. Alijifunika kichwa na uso kwa kile kikwembe kizuri alicholeta mshenga, ambacho mimi sikuwa nimeona kwamba amekivaa. Akachukua kigoda chake kwa mkono mmoja. Kisha akainamisha kichwa, akalipa sanduku mgongo, akaondoka kwa hatua ndogo za haraka, vile vile wamama wanavyotembea wakikutana na mkwe njiani, akaingia nyumbani na kufunga mlango.

Kwa muda watu hawakuelewa. Kisha mama mmoja jirani akaelewa, akaweka mikono kinywani akapiga kigelegele, na mwingine akampokea, na kikaenda mstari baada ya mstari hadi jogoo akasikika kwa mbali tu. Mimi nililia mbele ya watu wote bila kujificha. Nilijua anapenda nini, na nilikuwa nimemwona anakiacha.

Tata alipofika nyumbani alimuuliza kama sasa kuku achinjwe.

“Kuku anatia mayai, mumuache,” Mama alisema. “Mi nimejibu na miguu.”

Wazee walilizungumza hilo pia, wakakubali kwamba jibu limesikika. Kesho yake asubuhi Mama alinituma kwa mshenga na maneno haya: mkwe wake asiguse magazini. Kambi nzima haiwezi kunyamaza kwa ajili ya mama mmoja, na mkwe asiye na kazi yake si mkwe. Kisha akanishika mkono kabla sijatoka. “Na jogoo,” alisema polepole, “aliwika mbele ya kisu, ao nyuma?”

Mbele, nilimwambia.

Tulifunga ndoa kanisani kiangazi hicho hicho, na Mama alisimama nyuma ya nguzo. Tangu hapo kazi yangu ya jioni ilikuwa moja. Redio ilipoanza, Mama aliingia ndani, akafunga madirisha, akaziba masikio kwa kitambaa na kuimba nyimbo za kanisa kwa nguvu. Ilipomalizika, mimi niliingia kumsimulia. Shangazi alikuwa amesema neno likipita kinywa cha pili halina ukwe. Basi nilimsimulia jogoo, mke, kisu na jirani mpya mlevi, na nikaiga kila mmoja, na Mama alicheka kwa sauti ya chini asije akasikika nje.

“Mwambie bwana yako,” alisema kila Noeli ilipokaribia, “akimupika ule jogoo, siku ataleta ile mbuzi ya kufungua kinywa, nitairudisha.”

Mume wangu alipopelekewa ujumbe alitabasamu bila kusema kitu, kama kawaida yake. Lakini jogoo alipita Noeli, akapita na iliyofuata. Alizeeka kuliko jogoo yeyote aliyepata kuishi Musonoi.

Mtoto wetu wa kwanza alipoanza kukaa mwenyewe, mume wangu alileta mbuzi. Mama alipika, na mume wangu akala bukari nyumbani kwa Mama kwa mara ya kwanza, amelipa jiko mgongo, na tonge likamwanguka. Mjomba akatangaza kwamba kinywa kimefunguliwa.

Kesho yake jioni Mama alirudisha kigoda chake chini ya mlingoti. Watu walikuwa wengi, hata wa mistari mingine, maana hakuna aliyetaka kusimuliwa. Mimi nilikuwa kando yake, mtoto mgongoni. Sanduku likakohoa.

Kisha kimya. Tulingoja. Mtu mmoja akasema waya umekatika, mwingine akaupiga mlingoti kwa kiganja. Mimi nilijua kwamba waya ni mzima. Kule cercle, mbele ya maikrofoni, mume wangu alikuwa anajua nani amekaa chini ya sanduku, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya redio aliona haya. Nilimwonea huruma hadi moyo ukaniuma.

Mama aliinua uso kuelekea juu. Hakujifunika.

“Iko ku moto, mutoto wangu,” akasema. “Sema.”

Sanduku halisikii, nilikuwa nimemwambia hivyo tangu usichana wangu. Lakini likavuta pumzi, na ile ngurumo ikatoka, nyembamba kidogo kuliko siku zote: “Jambo, mama.” Kisha ikanyamaza tena, na baadaye tu, kana kwamba imekumbuka, ikawasalimia watu wengine wote wa kambi.